Picha Niliyoikata Siku ya Ijumaa

Nilikabidhi funguo za karakana mwisho wa mwezi uliopita. Mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba mbili, na hotuba ya pili ikaniita nguzo. Nguzo haiumwi vidole kila baridi inapoingia, lakini asanteni. Saa nimeitundika jikoni. Tangu siku hiyo nakaa asubuhi kwenye roshani yangu hapa South Beach, Durban, ghorofa ya tisa, nikiwa na chai mkononi, na ukungu wa bahari ukipanda taratibu mpaka majengo ya jirani yanabaki vichwa tu. Akili inarudi kazini yenyewe bila kutumwa. Nasikia msumeno. Nasikia harufu ya gundi. Mara nyingine nanyoosha mkono kutafuta rula ya chuma, nakuta ni kijiko.

Kwa hiyo nawaandikia, nyinyi mnaobaki pale karakanani Point, kando ya bandari, mkipima, mkikata na kuwamba. Kuna mambo hamkuwahi kuniuliza kwa sababu mna adabu.

Nilifika Durban kutoka Bungoma kusoma uhasibu. Masomo yaliisha kabla sijayamaliza. Kanisani mtu akaniambia mtaa wa Jacobs kuna kiwanda kinachopasua mbao nyembamba za kutengenezea fremu, na kwamba wanatafuta wanawake kwa sababu wanawake hawarushi mbao. Siku ya kwanza nilipewa aproni ya mtu mrefu na kazi ya kupanga mbao kwa sikio. Unaishika katikati, unaigonga kwa kidole. Iliyo nzima hulia, yenye ufa hukohoa. Nilicheka nilipoambiwa hivyo. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimesimama kwenye vumbi la mbao, jua limepenya kwenye bati la paa, vumbi limegeuka dhahabu hewani, na mimi nagonga, nasikiliza, nagonga, nasikiliza, mpaka nikasahau kama niko Jacobs. Jioni kwenye basi mama mmoja alinipisha kiti. Nywele zangu zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Mzee Sadiki alikuja kiwandani kila baada ya wiki mbili kununua mbao. Alikuwa na karakana ndogo ya fremu kule Point, na alichagua mbao kama watu wanavyochagua tikiti maji. Siku moja nilikuwa uani naongea na mama yangu kwa simu, nikasikia mtu nyuma yangu ananyamaza kwa nguvu. Nilipogeuka, alikuwa amesimama na kofia yake nyeupe mkononi.

"Binti, lugha hiyo umeipata wapi?"

"Nyumbani, baba. Kenya."

"Mimi nimezaliwa hapahapa Durban. Mama yangu kazaliwa hapa. Bibi yangu ndiye aliyetuachia lugha hii, na maneno mengine nimeyasikia kinywani mwake tu. Sema tena ulivyokuwa ukisema."

Nikamwambia nilikuwa namuuliza mama kama mahindi yameota. Akatabasamu kama aliyepewa zawadi. Mwezi uliofuata nikaacha kiwanda, nikaenda kufanya kazi karakanani kwake.

Karakana ya Mzee Sadiki mnaijua, lakini hamkuijua ilivyokuwa kabla ya taa hizi mpya. Mwanga ulitoka dirishani tu, na dirisha liliangalia kipande cha bandari. Meli ikipiga honi, vioo vyote vilivyoegemezwa ukutani vilitetemeka pamoja, na sauti ile ilibaki chumbani kwa muda. Wiki ya kwanza sikuruhusiwa kushika chombo. Kila picha iliyoletwa aliniwekea mbele, akanivutia kiti.

"Itazame."

"Nitazame nini, Mzee?"

"Itazame mpaka uache kuwaza vipimo. Ukishaacha, nenda kachukue futi."

Nilidhani ananichezea. Nilikaa mbele ya harusi za watu, mbele ya vyeti, mbele ya mbwa aliyekufa na kuchorwa na mwenyewe kwa mapenzi makubwa na ujuzi mdogo. Baada ya hapo ndipo akanipa koleo lile la mdomo mpana la kuvutia turubai la kuchorea picha, ambalo sasa liko kwenu na mpini wake nimeuzungushia utepe mwekundu. Alinifundisha kuwamba turubai juu ya fremu ya ndani: pini moja katikati ya kila upande, kisha unakwenda kwenye pembe polepole, unavuta upande huu na kurudi upande wa pili, mpaka ukiligonga kwa ukucha linaitika kama ngoma ndogo. Alinifundisha kwamba ukikunja picha ya rangi ya mafuta, uso wa rangi uwe nje, si ndani. Kila mtu hufanya kinyume kwa sababu anataka kuificha rangi, na rangi hupasuka. Na alinifundisha jambo moja zaidi, ambalo nitalirudia mkiniruhusu na msiponiruhusu: picha ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, unakunja ziada kwenda nyuma. Hukati. Nyuma itakuwa nene na mbaya kutazama, na iwe hivyo.

Nilijua hilo kwa miaka kumi na minne kabla Mama Furaha hajaingia mlangoni.

Aliingia kwa kurudi nyuma, kwa sababu alikuwa ameshika upande mmoja wa picha na mwanamume wa jengo lao ameshika upande wa pili. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, vidole vina rangi kwenye mizizi ya kucha. Tulimfahamu kwa mbali. Alisuka nywele sokoni asubuhi, na mchana aliwauzia wageni wa ufukweni vipicha vidogo vya pomboo na pundamilia. Vile vipicha aliviita "ya tumbo". Hii aliyoileta haikuwa ya tumbo.

"Dada Nekesa," aliniambia, "hii tableau haiingie tena mu chumba yetu. Binamu amefika na watoto, tumeweka kitanda pale ilikuwa. Ikae huku kwenu. Ikipata mutu, iende na yeye."

Tuliiegemeza ukutani. Ilikuwa pana kuliko mlango wa kawaida. Nilivuta kiti, kama nilivyofundishwa, na Mzee Sadiki akavuta chake.

Ilikuwa picha ya chumba cha fleti juu sana, kama hiki ninachoishi. Kamba imepita kutoka ukuta hadi ukuta, imejaa nguo zilizofuliwa: shuka, sare ya shule, kanga mbili, suruali. Bahari haionekani. Kuna mwanga wake tu, ule unaopanda kutoka majini saa nne asubuhi na kucheza kwenye dari, na mwanga ule umepita ndani ya shuka zote zikawa kama zinapumua. Ukitazama sana unahisi sakafu inayumba kidogo. Na pembeni kabisa, kulia, karibu atoke kwenye picha, mwanamke amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo, kiwiko kimoja juu ya goti.

Mzee Sadiki alikaa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na huyu?"

"Ni dada yangu mukubwa," Mama Furaha alisema. "Tuliachana mu njia, tukikimbia. Watu walikuwa wengi, kulikuwa mvua. Nilimuona akienda mbele yangu, kisha sikumuona tena. Miaka mingi sasa. Sura yake imeanza kunipotea, lakini mugongo wake ninauona kila siku. Njo maana namuchora vile."

Hakulia alipokuwa akisema. Alikuwa akifuta vumbi kwenye ukingo wa turubai kwa upindo wa kitambaa chake.

Akaandika mwenyewe karatasi ya kuweka dirishani, kwa Kiingereza na Kifaransa, na chini kwa Kiswahili: *Mchoro wa mkono. Iko moja tu. Inauzwa.* Mzee Sadiki hakutaka kugusa herufi yoyote.

Picha ilikaa dirishani kwa zaidi ya mwaka. Watu walisimama. Walinzi wakitoka zamu, wanafunzi, wanawake wenye mifuko ya soko. Walisimama nje ya kioo nyuso zimelegea, kisha walishtuka, wakatazama simu, wakaenda. Mimi mwenyewe niliizoea mpaka ikawa chumba cha pili cha karakana. Nikiwa nasugua pembe kwa msasa nilihisi shuka zile zinapepea nyuma yangu. Kuna alasiri, joto likiwa limezidi, niliwahi kugeuka nikitaka kumuuliza yule mwanamke kama anataka maji.

Kisha akaja daktari wa meno.

Nataka niseme wazi kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, ana sauti ya chini, na aliipenda picha kwa kweli. Aliitaka kwa ajili ya chumba ambamo wagonjwa wake husubiri. Alikuwa na ukuta kati ya madirisha mawili, na alikuja na vipimo kwenye karatasi. Picha ilizidi kwa sentimita ishirini.

"Upande huu," alisema, akionyesha kulia. "Huku hakuna jambo kubwa. Ukiondoa kipande hiki, mwanga unabaki wote."

Ilikuwa Ijumaa. Mzee Sadiki alikuwa amekwenda msikitini, na Ijumaa hurudi saa tisa kwa sababu lazima asalimiane na nusu ya mji. Hoteli moja ilikuwa inangoja fremu ishirini za vioo. Daktari alitaka kuja kuchukua picha yake Jumamosi asubuhi. Nikampigia Mama Furaha simu.

Alikuwa sokoni, anasuka. Nyuma yake kulikuwa na muziki, gari la matangazo, na mtu anapiga kelele za bei ya nyanya. Nikamweleza: kuna mteja, anaitaka, ila ni ndefu, anataka ipunguzwe upande wa kulia.

"Nini?"

"Ipunguzwe! Ikatwe kidogo! Upande!"

"Ah, bon. Sawa, sawa. Mukate. Weye unajua kazi yako."

Nimerudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi sana. Nilisema "upande". Sikusema "dada yako". Nilijua nilichokuwa nakiruka, na nilikiruka, kwa sababu kusema kungechukua muda na jibu huenda lingekuwa jingine. Ningeweza pia kukunja ziada nyuma. Nyuma ingevimba, ningehitaji fremu nene zaidi, ningechelewesha fremu za hoteli. Hayo ndiyo yote. Hakukuwa na sababu kubwa kuliko hizo.

Niliing'oa kwenye fremu ya ndani, nikailaza mezani, nikaweka rula ya chuma, nikakata. Wembe ulikuwa mpya. Sauti ya turubai likikatwa ni ndogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa pua. Nilipaswa kuacha sentimita nne za kuzungusha ukingoni, kwa hiyo mstari ulipita juu ya mkono wa yule mwanamke. Mgongo, kichwa na kigoda vilikwenda na kipande. Kiwiko kilibaki kwenye picha.

Nilikuwa bado nimeshika rula mlango ulipofunguliwa.

Mama Furaha alikuwa amekimbia kutoka kwenye stendi ya taxi. Alikuwa na nywele za bandia begani, zile alizokuwa akimsuka mteja, amesahau kuziacha.

"Dada, nimekuja kusema hapana," alisema kabla hajafika mezani. "Kule kelele ilikuwa mingi. Niliweka simu nikajiuliza, upande gani? Upande gani alisema? Dada, nimekuja kusema..."

Akafika mezani.

Sitawaeleza uso wake. Alichofanya ni hiki: alichukua kile kipande kwa mikono miwili, kutoka chini, kama unavyopokea mtoto aliyelala, akakaa nacho kwenye kiti cha Mzee Sadiki. Mimi nilisema mengi. Nilisema ulikubali, nilisema mteja, nilisema samahani, nilisema hoteli. Mungu anisamehe, nilisema hoteli. Meli ikapiga honi huko nje na vioo vikaanza kutetemeka, na sote wawili tukangoja vinyamaze.

Ndivyo Mzee Sadiki alivyotukuta. Alitazama meza, akatazama kiti. Akavua kofia, akanawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja.

"Uliitazama kwanza?" aliniuliza.

"Nimeitazama mwaka mzima, Mzee."

"Leo. Kabla ya kushika wembe."

Nikaweka rula chini.

Akamgeukia Mama Furaha, akainama kidogo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mteja. "Mwanangu, nyuzi za kitambaa zikikatwa zinaweza kuunganishwa, moja moja. Haitakuwa kama ilivyokuwa. Mstari utaonekana. Lakini dada yako atarudi chumbani mwake. Unataka?"

Mama Furaha alikirudisha kipande mezani, kando ya picha. Kisha akasema, "Mara hii nitakuwa hapa ninaona."

"Utakuwa hapa unaona."

Jumamosi asubuhi daktari wa meno alikuja, na mimi ndiye niliyekwenda kumpokea mlangoni, kwa sababu Mzee Sadiki alikataa kunisaidia katika hilo. Nikamwambia ukweli wote. Alisikiliza. Aliingia, akaitazama picha imelala mezani kama mgonjwa, pande mbili zimekaribiana.

"Itaonekana, hiyo alama?"

"Itaonekana, daktari."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Watu wanakuja kwangu tayari wanaogopa," alisema. "Siwezi kuwawekea kovu ukutani." Tulimrudishia pesa aliyokuwa ametanguliza Ijumaa, tukaagana vizuri. Nasikia baadaye aliweka picha ya shamba la maua, na wagonjwa wanaipenda.

Kazi ile ilichukua wiki tatu. Mikono ya Mzee Sadiki ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo yeye alikaa na kioo cha kukuzia na kuniongoza, na mimi nikashika sindano. Tulisogeza pande mbili mpaka zikagusana. Kisha uzi kwa uzi, kutoka nyuma, tone la gundi dogo kuliko kichwa cha siafu, unavuta uzi wa huku ukutane na mwenzake wa huko, unangoja, unakwenda kwa unaofuata. Kwa siku nilimaliza upana wa viganja viwili, siku nzuri. Mama Furaha alikuja kila alasiri akitoka sokoni. Alikaa. Mwanga wa dirishani ulipita mezani, ukapanda ukutani, ukatoka. Siku ya nne au ya tano alianza kuongea, bila kunitazama, kuhusu dada yake: kwamba alipenda kula maharagwe yaliyoungua kidogo, kwamba aliweza kulala amekaa, kwamba mara moja alimpiga mwalimu kwa ndala kwa sababu ya mdogo wake. Nilikuwa nimeinama na sindano, nikisikiliza, na nyuzi zinashikana. Sijawahi kufanya kazi ya aina ile tena. Kuna wakati sikujua kama sauti ilitoka kwake au ilitoka kwenye kitambaa.

Tulipofika kwenye kiwiko niliomba tupumzike. Mama Furaha akaleta chai na mandazi, na akanimiminia mimi kwanza. Sikuwa na haki ya kuuliza kama hiyo ni msamaha. Niliinywa.

Mwisho tulibandika kitambaa kipya cha kitani nyuma yote kwa gundi ya nta, tukapitisha pasi ya uvuguvugu juu ya karatasi ya kuokea, polepole, kama mnavyonyoosha shati la mtu mkubwa. Nikaiwamba upya. Niligonga kwa ukucha. Ikaitika, ila upande wa kulia sauti ilikuwa nzito kidogo.

Mstari ulionekana. Kutoka juu hadi chini, mwembamba, kama unywele uliolala kwenye shuka. Mzee Sadiki alimwambia Mama Furaha kwamba sasa anaweza kuufunika kwa rangi, ni kazi ya nusu siku kwake.

"Hapana," alisema. "Nikificha, nitakuwa ninajua iko wapi, kila siku nitakuwa naitafuta. Iache. Irudi dirishani."

Ikarudi dirishani na karatasi yake ileile. *Iko moja tu. Inauzwa.*

Sasa watu walisimama muda mrefu zaidi, sijui kwa nini. Wengine waliingia kuuliza kama kioo chetu kina ufa. Niliwajibu kila mmoja kwamba kioo ni kizima, picha ndiyo ilikatwa, na aliyekata ni mimi. Mwanzo iliniuma. Baada ya miezi ikawa kama kusema jina langu.

Kisha siku moja Sisi Thandeka, na sisi kwa Kizulu ni dada, aliingia kuchukua picha ya kwaya yake. Alikuwa muuguzi, mwanamke mkubwa wa mwili, viatu vyeupe vya kazi, anaongea Kiingereza cha haraka kinachochanganyika na Kizulu. Alilipa, akageuka kuondoka, akasimama.

"Eish. Na hii?"

"Inauzwa, Sisi."

Alisogea karibu mpaka pua yake ikakaribia turubai. Alifuata mstari kwa kidole bila kuugusa, kutoka juu hadi chini. "Nani aliishona?"

"Mimi."

"Na nani aliikata?"

"Mimi."

Akanitazama kwa makini, kama anayesoma kadi ya mgonjwa. "Na bado wanakuachia kisu?"

"Wananiachia, lakini sasa nauliza mara mbili."

Akacheka, kicheko kikubwa kilichojaza chumba. Kisha akavuta kiti mwenyewe, bila mtu kumwonyesha, akakaa mbele ya picha na begi la kazi mapajani. Alikuwa ametoka zamu. Alikaa mpaka nikadhani amesinzia. Aliposimama alisema anataka kuongea na aliyeichora. Wiki hiyohiyo walikutana karakanani. Bei walipatana wenyewe. Mimi nilikwenda kuchemsha maji.

Tuliipeleka kwake, mtaa wa Umlazi, Jumapili mchana, baada ya kanisa, kwa bakkie, pikapu ya shemeji yake. Mimi na Mama Furaha tulikaa nyuma tukiishika wima, imefunikwa blanketi, na kwenye kila roboti, yaani taa za barabarani, watu wa taxi za jirani walituuliza tumebeba nini. Mama Furaha aliwajibu wote, "Ni nyumba." Upepo ulikuwa mwingi, jua limefifia nyuma ya wingu jembamba, na vilima vilipita vikiwa vimejaa paa za rangi zote, kama mtu anavipitisha taratibu mbele yetu tuvichague.

Sebule ya Sisi Thandeka ilikuwa ndogo na safi. Alikuwa ameondoa kabati zima ili ukuta ubaki wazi. Nilipima, nikatoboa, nikaweka skrubu mbili nene, tukainyanyua wote watatu. Chumba kikawa na dari ya pili. Sisi Thandeka alizima televisheni, akarudi nyuma mpaka akaegemea mlango.

"Anaitwa nani?" aliuliza, akimwonyesha mwanamke wa kwenye kigoda.

Mama Furaha aligusa ukingo wa fremu. "Nsimire."

"Nsimire." Alilisema polepole, akilijaribu kinywani. Kisha akaigeukia picha, akasema kwa Kizulu, kwa sauti ileile ambayo nadhani huwapokelea wagonjwa wakiingia wodini, "Wamukelekile, sisi Nsimire." Karibu, dada. Na baada ya hapo akakunja uso, akatazama dirishani, akatazama tena picha.

"Jua la jioni linaingia hapa," alisema. "Linachoma. Halitamuumiza?"

Ningeweza kumweleza kuhusu jua na rangi ya mafuta, kwamba huchukua miaka, kwamba pazia jepesi lingetosha. Na yule mwanamke alikuwa ametupa mgongo, macho yake hayakuonekana. Nilimtazama Mama Furaha. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na mabega yake yalikuwa yakitikisika, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

Nikachukua bisibisi, nikatoa skrubu zote mbili, nikaziba matundu kwa kidole na chokaa kidogo. Tukahamisha kochi. Tukanyanyua picha tena, tukaipeleka kwenye ukuta wa ndani, mahali penye kivuli, karibu na mlango wa jikoni ambako watu hupita kila saa. Sikushika futi. Mimi na Sisi Thandeka tulishika pembe tukangoja, na Mama Furaha akaenda kusimama katikati ya chumba.

"Kidogo juu," alisema. "Kidogo tena. Mbele, mbele kwa jikoni, asikie watu wakiongea." Akafuta macho kwa mkono wa gauni, akatazama muda mrefu. "Hapo."